Mbao ninayoichonga ipo kweli, ama ni utupu tu?

"Mwalimu shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 24, fundi, nachonga milango na ami yangu hapa Lamu. Tangu Ramadhani nimekuwa nikikesha na simu naangalia klipu za fizikia na falsafa. Moja ilisema atomi ni tupu asilimia 99.99, ati kiini chake ni punje ya mtama katikati ya uwanja wa mpira, na kwamba hujawahi kugusa kitu chochote tangu uzaliwe. Nyingine ikasema wanasayansi wamethibitisha kitu hakipo mpaka mtu akiangalie. Nyingine tena, kila kitu ni nishati na mtetemo, na mwisho wake ulimwengu wote ni akili tu. Sasa nikishika patasi nagonga mbao nawaza, hii ipo kweli? Hata kwenye swala inanijia. Silali vizuri. Ami anasema nimerogwa. Naomba uniambie maada ni nini hasa, na kama kuuliza hivi ni upungufu wa imani niache kabisa."

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma barua yako nikairudia, na kabla sijaenda mbali nikutoe wasiwasi mmoja, sioni dalili ya uchawi hapa. Ulouliza ni swali ambalo watu wenye akili timamu kabisa wamelisumbukia miaka zaidi ya 2,500 na bado wanalisumbukia. Ila naona kwenye barua mna mambo mawili yamefungwa kamba moja na inabidi tuyafungue. La kwanza ni swali lenyewe, kwamba ukiifuata maada mpaka mwisho wake utakuta nini. La pili ni hiyo hali ya kutolala na kushika patasi ukahisi kama hushiki kitu. La kwanza ni la falsafa na fizikia, la pili huenda ni la afya, na jibu la moja si dawa ya lingine. Ntaanza na la kwanza manake ndilo uloniuliza, lakini la pili ntalifikia na nakuomba usiliruke.

Nikwambie pia mimi nasomesha falsafa, niko hapa Malindi, na fizikia nimeisoma kwa sababu huwezi kuuliza maada ni nini ukakataa kuwasikiliza wanaoipima kila siku.

Haya, hiyo ya uwanja wa mpira. Imezunguka sana na nusu yake ni kweli ndo maana inadanganya vizuri. Ukweli wake ulitoka Manchester, Uingereza, ambako Ernest Rutherford na wasaidizi wake Hans Geiger na Ernest Marsden walikuwa wanarusha chembe za alfa, vijipunje vinavyotoka kwenye vitu vyenye mnururisho, kwenye karatasi nyembamba mno ya dhahabu. Nyingi zilipita moja kwa moja, lakini chache sana ziligeuka zikarudi zilikotoka, na hilo hawakulitegemea hata kidogo. Mwaka 1911 Rutherford akatoa hesabu yake, kwamba karibu uzito wote wa atomi umekaa kwenye kiini kidogo sana katikati, ambacho upana wake ni kama sehemu moja kwa 100,000 ya upana wa atomi nzima. Mpaka hapo wako sawa. Wanapokosea ni pale wanaposema kilichobaki chote ni tupu. Wanachora elektroni, ile chembe nyepesi ya atomi yenye chaji hasi, kama kijipunje kingine kinachozunguka kwa mbali na katikati hamna kitu, na picha hiyo fizikia iliiacha tangu miaka ya 1920. Kwa hesabu alizotoa Erwin Schrödinger mwaka 1926, elektroni ikiwa ndani ya atomi haina njia moja inayopita, imeenea kwenye nafasi yote ile, na kule kuenea kwake ndiko kunakoipa atomi ukubwa wake. Kwa hiyo mtu akikwambia atomi ni tupu kwa vile kiini ni kidogo, ameamua mwenyewe kwamba kinachohesabika ni kiini peke yake na elektroni hazimo, na hakuna kipimo chochote kilichomwambia aamue hivo.

Na hilo la kwamba hujawahi kugusa kitu, hapa nataka tukae kidogo manake ndipo kazi yako ilipo.

Bonyeza kidole kwenye mfaa wa huo mlango unaouchonga. Kidole kinafika kinasimama, hakizami. Kwa nini? Elektroni za ngozi yako zimekaribia elektroni za mbao, na Wolfgang Pauli mwaka 1925 alitupa kanuni kwamba elektroni mbili haziwezi kushika hali ile ile moja. Ukizilazimisha zikae pamoja, basi baadhi lazima zipande zikashike hali za nishati kubwa zaidi, na hiyo nishati haitoki hewani, inatoka kwenye mkono wako. Mkono ukishindwa kuilipa, kidole kinasimama. Huo ndo ugumu wa mbao unaoujua wewe. Wengi wanadhani ni umeme tu, chaji hasi inasukuma chaji hasi mwenzake, lakini Freeman Dyson na Andrew Lenard mwaka 1967 walionyesha kwa hesabu ndefu kwamba umeme peke yake hautoshi, bila ile kanuni ya Pauli vitu vyote tunavyoviona vingejikunja vikaporomoka ndani yao. Sasa niambie, baada ya kueleza yote haya, umegusa mbao au hujagusa? Umegusa. Kugusa ndo huko. Hakuna kugusa kwingine kwa kweli zaidi ambako wewe umekosa. Aliyesema hujawahi kugusa kitu alijitungia kichwani maana ya kugusa ambayo haikuwahi kuwepo popote, halafu akatangaza kwamba haipo.

Na patasi hivo hivo. Makali yake yanakusanya nguvu yote ya mkono kwenye mstari mwembamba sana mpaka vifungo vya mbao vinaachana. Wewe unajua kuliko mimi kwamba ukifuata nyuzi mbao inakubali na ukizikata kwa upande inakataa, na sababu yake ni kwamba minyororo ya selulosi, zile molekuli ndefu zinazoujenga mti, imelala kwa urefu wa mti na ni migumu kuivunja, ila kinachozishikanisha nyuzi ubavu kwa ubavu ni dhaifu zaidi. Unaona ilivyo? Kila hatua tunayoshuka chini mbao inazidi kueleweka, na hakuna hatua hata moja tuliyofika tukaambiwa samahani, kumbe hakukuwa na mbao. Mtu akikueleza kitu kimeundwa na nini hajakunyang'anya kile kitu. Hili nakuomba ulishike manake klipu zote tatu zinakosea hapo hapo.

Hili kosa hata si la leo. Democritus, Mgiriki aliyeishi karne ya 5 kabla ya Nabii Isa, yeye na mwalimu wake Leucippus ndo waliosema kila kitu ni atomi na utupu. Akasema utamu ni mazoea tu, uchungu mazoea, rangi mazoea, kwa ukweli ni atomi na utupu basi. Lakini yeye mwenyewe, na hii imetufikia kupitia kwa tabibu Galen, akaziacha hisi zimjibu akili, zikamwambia maskini wewe, ushahidi wako wote umeuchukua kwetu halafu unataka kutuangusha sisi? Tukianguka nawe umeanguka. Nalipenda sana jibu hilo. Rutherford alijuaje habari za kiini? Geiger na Marsden walikaa gizani wakihesabu kwa macho vimulimuli kwenye kioo kimoja kimoja. Sayansi yote ya atomi imesimama juu ya macho ya watu na mikono ya watu kwenye vyombo, sasa ukiitumia hiyo sayansi kusema macho na mikono havijui kitu unakata tawi ulilolikalia.

Klipu ya pili naona ndo iliyokuumiza zaidi, na hii haitaki haraka. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake huko Japani walirusha elektroni moja moja kwenye kifaa chenye njia mbili za kupita. Kila moja ikifika mbele inaacha doa moja, mahali pamoja. Mwanzo yale madoa yanaonekana yametawanyika ovyo tu, lakini yakifika maelfu yanajipanga mistari mistari, hapa yamejaa, hapa hakuna kitu, hapa yamejaa tena. Mpango huo unatokea pale wimbi linapopita njia zote mbili likaja kukutana na lenyewe, na kumbuka zilirushwa moja moja, hapakuwa na elektroni nyingine ya kukutana nayo. Hiyo ni ajabu ya kweli, sitaki kuipunguza. Na majaribio mengine yameonyesha ukiweka chombo cha kujua imepita njia gani, mistari inapotea.

Hapo ndo watu wanaporuka wakasema ni kwa sababu mtu ameangalia. Hapana. Kinachoifuta mistari ni elektroni kukutana na kitu kingine kiasi kwamba habari ya njia yake inabaki imeandikika mahali, kwenye chombo, kwenye hewa, popote. Washa chombo, funga mlango wa maabara, watu wote waende nyumbani wakale, mistari inapotea vile vile. Ni kweli Eugene Wigner, mtu mkubwa sana kwenye fizikia, aliandika mwaka 1961 kwamba huenda fahamu ya mtu ina sehemu yake hapo, lakini baadaye mwenyewe aliliacha wazo hilo, na klipu zinakupa ile ya kwanza hazikupi ya pili. Na mlango wako wewe unagongwa na molekuli za hewa na mwanga kila sekunde kwa idadi ambayo hata kuitamka ni shida, kwa hiyo ule utata wa kuwa hapa na pale kwa wakati mmoja kwenye kitu kikubwa kama mlango unayeyuka haraka mno, na kazi ya kulieleza hili ilianzwa na Dieter Zeh mwaka 1970. Mlango haukungoji wewe ufungue karakana ndo uanze kuwepo. Umekaa pale usiku kucha ukiwa na upana wake ule ule.

Ila nisikudanganye kwa upande wa pili pia nikakwambia yote yamekwisha eleweka. John Bell mwaka 1964 alionyesha kwamba ukichukulia chembe zinabeba majibu yao tayari ndani yao, na hakuna kitu kinachopita kati yao haraka kuliko mwanga, basi kuna vipimo fulani ambavyo matokeo yake hayawezi kuvuka kiwango fulani. Watu wakapima. Yakavuka. John Clauser miaka ya 1970, Alain Aspect mwaka 1982, Anton Zeilinger baada yao, na wote watatu walipewa Nobeli mwaka 2022. Kwa hiyo kuna dhana moja ya kawaida kabisa kuhusu vitu ambayo tulikuwa nayo na ambayo lazima tuiachie, ila ni ipi, hapo wanabishana mpaka leo. Niels Bohr alikuwa na njia yake, David Bohm akaja na nyingine mwaka 1952, Hugh Everett nyingine mwaka 1957, na kwenye vipimo tulivyo navyo njia hizo zinatoa majibu yale yale. Wanachogombania ni picha iliyo nyuma ya namba. Lakini angalia, katika hao wote hakuna anayesema mbao yako inatoweka ukifumba macho.

Klipu ya tatu, ya nishati na mtetemo, ina ukweli mkubwa ndani yake ambao waliotengeneza wenyewe naona hawakuufikia. Kiini cha atomi kina protoni na nyutroni, na ndani ya hizo mna chembe ndogo zaidi ziitwazo kwaki, ambazo Murray Gell-Mann na George Zweig walizipendekeza mwaka 1964, kila mmoja kivyake, na kuanzia 1968 majaribio ya Stanford, Marekani, yakaanza kuzionyesha. Protoni ina kwaki tatu. Sasa ukijumlisha uzito wa hizo kwaki tatu zenyewe unapata kama asilimia 1 tu ya uzito wa protoni. Zilizobaki 99 zimetoka wapi? Ni nishati ya zile kwaki kwenda mbio mle ndani na nishati ya nguvu inayozifunga, ambayo kwa ile hesabu ya Einstein ya 1905 inahesabika kama uzito. Kwa hiyo siku mnaubeba mlango wa mbambakofi watu wanne mnaupeleka kwenye mashua, mzigo karibu wote unaoukandamiza bega lako ni nishati iliyofungwa. Hilo ni kweli na mimi likinijia bado linanisimamisha.

Lakini ukitoka hapo ukasema basi kila kitu ni nishati tu, utakuwa umekosea kidogo na kosa lenyewe lina gharama. Nishati ni kipimo cha kitu fulani, lazima uulize nishati ya nini. Mtetemo nao, nini kinatetemeka? Wale wanaouza vikuku na maji ya masafa kwa jina la kwanta, yaani hiyo fizikia ya chembe ndogo, hawajibu hilo swali, usiwape hata shilingi. Wanafizikia wenyewe wanalijibu, wanasema ni uga, kitu kisichoonekana kilichojaa kila mahali, mfano wa ile nguvu iliyo kandokando ya sumaku. Kwa maelezo yao ya sasa elektroni iliyo kwenye mbao yako na iliyo kwenye nyota ya mbali ni misukosuko ya uga mmoja huo huo ulioenea kila mahali, na ndo maana elektroni zote zinafanana sawasawa, hakuna iliyo kubwa wala ndogo kuliko mwenzake. Kisha ukiuliza uga wenyewe ni nini, wanakupa hesabu. Hesabu nzuri ajabu, inatabiri mpaka tarakimu nyingi baada ya nukta, lakini ni hesabu.

Na hapa sasa ndo tumefika kwenye falsafa yenyewe, yote ya nyuma ilikuwa kusafisha njia tu.

Bertrand Russell mwaka 1927 alilisema jambo hili wazi kuliko wote niliowasoma, kwamba fizikia inatuambia vitu vinavyohusiana na namna vinavyotenda, haituambii ni nini kwa ndani yao. Angalia mwenyewe. Chaji ni nini? Ni kile kinachovuta na kusukuma kwa kiasi hiki. Uzito? Ni kile kinachokataa kusukumwa kwa kiasi hiki. Kila ukiuliza ni nini unajibiwa kinafanya nini. Hii haina maana fizikia imeshindwa, hiyo ndo kazi yake na inaifanya vizuri mno, ila swali lako linabaki na sehemu ambayo maabara haiifikii. Kwenye hiyo sehemu watu wamegawanyika. Wako wanaosema hakuna cha ziada, ukishajua kitu kinatenda nini umekimaliza. Wako waliofuata njia ya George Berkeley, askofu wa Ireland, ambaye mwaka 1710 aliandika kwamba kuwepo ni kutambuliwa, na kwamba vitu vinashikiliwa na kuonwa kwake na Mungu hata sisi tukilala. Hii ndo hiyo "ulimwengu ni akili" yako, ila mwenzetu hakusema mbao ni ndoto, alisema mbao ni halisi kabisa na kinachokosekana ni kitu cha siri nyuma yake kisichoonekana na yeyote. Wako wengine wanaosema huenda ndani ya maada mna chembe ya kitu kinachofanana na fahamu, kwa hoja kwamba kitu pekee tunachokijua kwa ndani ni fahamu zetu wenyewe.

Mimi ninaegemea wapi? Naegemea kwa wale wanaosema ule mpangilio, yale mahusiano ambayo hesabu inayashika, ndo kitu halisi tulichokifikia, na tusijidai zaidi ya hapo. Sababu yangu ni ya kihistoria. Nadharia zimeanguka nyingi, picha zimebadilika kuanzia vijipunje hadi mawimbi hadi uga, lakini kila ikija picha mpya zile hesabu nzuri za mwanzo zinabaki ndani yake, hazitupwi. Hoja ya upande wa Berkeley inanipa shida kwa sababu haielezi kwa nini ulimwengu unatukatalia mambo kwa ukaidi namna hii, mwenyewe anamwachia Mungu yote, na mtu asiyeanza na Mungu hoja hiyo haimshiki. Ile ya fahamu kwenye kila kitu siwezi kuipuuza, ila hakuna aliyeniambia vijifahamu vingapi vinakusanyikaje vikawa wewe. Unaweza usikubaliane nami, ndo uwanja wenyewe.

Na usidhani tumebakisha kidogo tu. Maada hii ya kawaida ya atomi, mbao na bahari na nyota zote, ni kama asilimia 5 tu ya vilivyomo ulimwenguni kwa hesabu za sasa, na karibu 27 ni maada ya giza ambayo mvuto wake unaonekana na yenyewe haijakamatwa, na hiyo nyingine iliyobaki ni nishati ya giza. Sehemu ya habari hii imepita hapa kwetu pwani, watu wengi hawajui. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, satelaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo upande wa Ngomeni kaskazini ya Malindi, na ilikuwa ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani peke yake. Ndo iliyoonyesha kwamba kwenye makundi ya galaksi mnatoka eksirei zilizosambaa, na baadaye ikafahamika ni gesi ya moto mkali imejaa kati ya galaksi, ambayo kwenye makundi hayo makubwa ni nzito kuliko nyota zake zote. Maada ya kawaida kabisa, na ilikuwa pale siku zote bila mtu kuiona.

Sasa imani. Umeuliza kama niache kabisa na nakujibu bila kuzunguka, kuuliza hivi si upungufu wa imani. Huko Basra na Baghdad zaidi ya miaka 1,000 iliyopita wanazuoni wa elimu ya kalam, yaani elimu ya kujadili itikadi kwa hoja, walibishana maswali haya haya. Al-Nazzam akakataa kwamba kuna sehemu isiyogawanyika. Waashari, ambao itikadi yao ndo imeshikwa kwa desturi na sisi watu wa Imamu Shafi hapa pwani, walisema miili imeundwa na sehemu ndogo zisizogawanyika, na sifa zake kama rangi na mwendo hazidumu nyakati mbili, Mwenyezi Mungu anaziumba upya kila mara. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa, akazikataa hizo sehemu zisizogawanyika kwa hoja za nguvu. Wote hao walikuwa wanasimama msikitini safu moja na watu wengine.

Na Imamu Ghazali mwenyewe alipita ulipo wewe. Kaandika kwamba aliacha kuziamini hisi zake, akatoa mfano wa kivuli, unakiangalia unakiona kimesimama kumbe kinakwenda, na nyota, unaiona ndogo kama dinari na hesabu zinasema ni kubwa kuliko dunia. Kisha akaishuku na akili, akajiuliza mbona ndotoni tunaamini mambo tukiamka hayapo. Hali hiyo ilimshika karibu miezi miwili, na anaiita ugonjwa. Anasema hakutoka kwa kupanga hoja, alitoka kwa nuru aliyotiwa kifuani na Mwenyezi Mungu. Mimi kama mtu wa falsafa naongeza hili, kwamba hata kwa akili tupu anasema jambo la maana, manake shaka inayokula kila kitu huwezi kuitibu kwa hoja wakati kila hoja utakayoleta nayo inaliwa. Kinachosaidia ni mwili na akili kurudi kwenye afya kwanza.

Ndo tumefika kwenye lile la pili. Kuna tofauti kati ya kufikiri kwamba huenda ulimwengu sivyo unavyoonekana, na kuhisi kwamba hauko, ukauona kama uko nyuma ya kioo au ndotoni, mkono wako ukakuonea mgeni. Hiyo ya kuhisi wataalamu wa afya ya akili wanaijua vizuri, inawapata watu wengi kwa muda, na vyanzo vyake vya kawaida ni kukosa usingizi, wasiwasi mwingi, msiba au mshtuko, na bangi. Muguka na miraa navyo vinaukimbiza usingizi, kama unatafuna wewe unajua, sikuulizi. Nakuomba simu ilale sebuleni, wewe lala chumbani, na maswali haya uyasome mchana tu. Na siku ulokesha usishike patasi kali wala msumeno wa umeme, shika msasa.

Ukijipa wiki mbili za kulala vizuri na ile hali isipopungua, au inakuzuia kazi na swala, nenda hospitali ya King Fahd hapo hapo Lamu uwaambie vile vile ulivyoniandikia, uulize huduma ya afya ya akili. Lakini ukianza kusikia sauti ambazo wenzako hawazisikii, au ukiamini watu walio mbele yako si watu wa kweli, au likikujia wazo la kwamba kwa vile hakuna kitu basi hata kuishi hakuna maana, usingoje wiki mbili wala siku mbili, mwambie ami akupeleke siku hiyo hiyo. Ami muoneshe barua hii. Shikamoo yangu umfikishie, na umwambie kukusomea Qur'an asiache, haigombani na hospitali hata kidogo.

Kwa upande wa swali lenyewe tafuta mtu wa kukaa naye uso kwa uso, shekhe aliyesoma elimu ya kalam barabara na si wa kukufokea, umuulize hoja ya Waashari na ile ya Ibn Sina juu ya kugawanyika kwa vitu, manake mtu anakurudisha pale unapopotea na klipu hairudishi. Ukishalala usingizi wako sawasawa niandikie tena, uniambie kati ya Russell na Berkeley nani unamwona ana nguvu na unamjibu vipi yule mwingine, na kama unaona msimamo wangu wa mpangilio una tundu nioneshe liko wapi.